Silva ya Chapchap

"Umeikata mwenyewe, kwa mkono wako huo huo, halafu unaniambia hujui ilikuwa ya nani!"

"Zinakuja na namba, Dada! Namba! Humu ndani hakuna baba mdogo wala shangazi, kuna namba tu!"

"Usinipigie kelele."

"Nani kaanza?"

"Nimeanza mimi. Na sijamaliza!"

Dada alikuwa amesimama katikati ya maabara na sare yake ya unesi, mikono kiunoni, kola imeenda upande. Wafanyakazi wengine walikuwa wametoka kwenda kula. Au tuseme ukweli, walipoiona ile sura mlangoni, wote njaa ikawashika kwa pamoja. Akabaki mdogo wake peke yake, mkono mmoja una glovu, mwingine hauna, kama mtu aliyekurupushwa bafuni. Mezani, katikati yao, kilikuwepo kibonge cha nta cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni ya hotelini. Ndani ya ile nta kulikuwa na nyama ya pafu la baba yao mdogo. Au niseme ukoko wake, maana nyingine yote ilishakatwa ikaisha.

Huyu mdogo mtu kazini wanamwita Chapchap, na jina hilo hakuokota barabarani. Kazi yake ni kukata nyama. Usicheke, si ya buchani. Ni vile vinyama wanavyotoa kwa wagonjwa, kwenye ini, kwenye pafu, popote, wanavigandisha kwenye nta, wanavikata vyembamba mpaka unaona upande wa pili, wanabandika kwenye kioo, kisha wanatia rangi ili daktari achungulie kwenye darubini aseme huyu anaumwa nini. Sasa fangasi wakiwa ndani ya nyama hawaonekani hivi hivi. Wamejikunyata kimya, utadhani hawapo. Mpaka uwamwagie dawa ya silva. Silva ikimpata fangasi inamng'ang'ania ngozi, inampaka weusi tii, na hapo hata mtu asiyesoma atakunyooshea kidole: hawa hapa.

Shida ni kwamba silva ina madeko. Maji yakiwa na uchafu kidogo, inasusa. Ukishika kioo kwa kibano cha chuma badala ya cha plastiki, inamwaga masizi kila mahali. Ukiitoa mapema haijashika. Ukichelewa imepaka kila kitu, fangasi, nyama, mpaka kioo chenyewe. Inabidi ukae nayo kwenye beseni la maji ya moto, unaichungulia kama mtu aliyebandika maziwa. Mafundi wote walikuwa wanaikimbia kazi hiyo, kila mtu siku ya silva anaumwa mgongo. Chapchap ndiye aliyesema jamani, kwa nini tuteseke? Akaleta maikrowevu. Akapunguza muda wa ile asidi ya kulowekea nyama kabla ya silva, akapunguza hiki, akaongeza kile, akaharibu vioo chungu nzima, akatukanwa, akaambiwa anataka kupika supu maabara. Mpaka ikakubali. Kazi ya nusu siku ikawa kazi ya kwenda msalani na kurudi. Bosi wake, yule daktari anayesoma vioo, akampa mkono mbele ya watu. Na wiki hiyo hiyo walikuwa wanangojwa wageni, mafundi wa hospitali nyingine, waje kujifunza. Kichwa kilikuwa kimemvimba, na wewe kingekuvimba.

Sasa ndiyo Dada kaja na lake.

"Sikiliza," Dada akasema, na sauti ikashuka. Chapchap akaogopa, maana anamjua. Akishusha sauti ndipo balaa. "Baba mdogo alikuja anakohoa. Wakatoa kinyama pafuni. Kikaja hapa. Mkasema hakuna fangasi. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Wakasema basi ni uvimbe tu, wakamwanzishia dawa ya kushusha uvimbe. Hiyo dawa unajua inafanya nini kama fangasi wapo?"

Alijua. Ile dawa inaulaza mwili usipigane. Kama fangasi wapo, umemfukuza mlinzi na geti umeliacha wazi.

"Lakini hawapo," akasema. "Niliangalia mimi, akaangalia Daktari. Na shahidi alitoka safi kabisa."

"Shahidi gani tena?"

"Kila tukitia rangi tunaweka pembeni kioo kingine, nyama ambayo tunajua ina fangasi. Wale wakiwa weusi tunajua dawa imefanya kazi, kwa hiyo kama kwa mgonjwa hakuna kitu, basi kweli hakuna. Ndiyo tunamwita shahidi."

"Shahidi wangu mimi ni pumzi zake. Neno moja, anapumzika. Neno moja, anapumzika. Juzi alikuwa anakaa mwenyewe, leo anashikiliwa. Na unajua alikuwa wapi kabla hajaugua? Hujui, utajuaje, nyumbani unakuja kama mgeni. Alienda kubomoa dari la ule ukumbi wa zamani. Limejaa kinyesi cha popo! Alirudi mweupe utadhani katoka kiwanda cha unga, mama akamzuia mlangoni akajipanguse kwanza. Haya, wewe msomi wa fangasi, niambie, kwenye mavi ya popo kunakaa nini?"

Jibu Chapchap alikuwa nalo. Kuna fangasi wadogo sana wanaokaa humo, wadogo kuliko wote, na ukipumua vumbi lao wanahamia pafuni. Hilo la popo hakuwa amelisikia. Namba haiji na habari za popo.

"Rudia kipimo," Dada akasema. "Kwa ile njia ya zamani. Ya polepole."

"Ya zamani ni chafu, Dada. Masizi yanaruka, utaona fangasi mpaka kwenye kioo kitupu. Njia yangu..."

"Njia yako! Njia yako! Mtu anakata roho, mwenzangu unanihubiria njia yako! Na nyama yenyewe umeimaliza kwa kuchezea."

"Sikuchezea. Nilifanyia majaribio. Nilihitaji nyama ambayo haina kitu, hiyo ilikuwa haina kitu, nikaikata. Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

Akachukua kile kibonge cha nta, akakigeuza kwenye taa, akakirudisha mezani taratibu, kama anayeweka yai. Ile taratibu ilimuuma Chapchap kuliko makelele yote. Kisha akasema, "Nenda ukamwone. Kwa macho, siyo kwa darubini," akaondoka zake, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa korido.

*

Wodi ya wanaume ilikuwa na joto na harufu ya sabuni ya sakafu. Baba mdogo alikuwa kitanda cha dirishani, amekalishwa kwa mito, bomba la hewa puani, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayepiga randa. Ndiyo kazi yake, useremala. Baba yao alipofariki, huyu ndiye aliyewachukua, mama mtu na watoto wawili, akawaongezea chumba kwa mbao za mabaki na akachonga kitanda cha juu na chini. Chapchap alilala juu mpaka miguu ikawa inatokeza nje.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Mara... haba." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake chenyewe. "Bwana vioo. Leo umetoka... pangoni."

"Kazi nyingi, Baba mdogo."

"Hiki kitanda..." Akagonga chuma kwa kidole. "Nani kakiunga? Mguu huu... mfupi. Nikikohoa... kinacheza ngoma."

"Nitawaambia."

"Usiwaambie. Niletee... msasa... na gongo la mbao. Nitawafundisha... adabu."

Wakacheka. Chapchap alicheka na meno tu. Alikuwa anamwangalia shingo. Kila akivuta pumzi, ngozi ya pale juu ya kifua inaingia ndani, inaacha shimo. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vinapiga msumari mara moja na kuuzamisha, vilikuwa vimelala juu ya shuka kama vya mtu mwingine.

"Dada yako... kaniambia," Baba mdogo akasema. "Ile nyama yangu... uliipima wewe."

"Ndiyo."

"Kumbe! Mimi nilikuwa na wasiwasi... nikasema watu wenyewe... siwajui." Akapumzika. Akampapasa mkono. "Basi nimetulia. Kama ni wewe... nimetulia."

Chapchap angeweza kutukanwa siku nzima akavumilia. Hilo lilimshinda. Akasema anarudi sasa hivi, akatoka, akajikuta kwenye ngazi anashuka mbili mbili, na hakujua anakimbilia nini hasa.

*

Daktari wa vioo hakuwa mtu mbaya. Lazima hilo lijulikane mapema. Alikuwa mtu wa kahawia kwa kila kitu, suti ya kahawia, viatu vya kahawia, chai ya kahawia inayopoa pembeni ya darubini kila siku, na alikuwa na jicho ambalo watu walilisafiria. Chapchap alipoingia akihema na kumwambia habari ya Baba mdogo na popo, hakumfukuza. Alisema tu, "Lete vioo."

Akaangalia kioo cha Baba mdogo, pole pole, kona mpaka kona.

"Hamna kitu hapa."

"Ndivyo nilivyomwambia Dada."

"Mlete na shahidi wake."

Akamweka shahidi chini ya lenzi. Akaangalia. Mara akanyanyua uso, akarudi tena, akatoa kicheko kifupi kisichokuwa na raha.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Ni yule mpya, Daktari. Yule wa zamani alikuwa hafifu, anachosha macho, unamtafuta fangasi mmoja mpaka shingo inauma. Nikatafuta mzuri zaidi. Lile pafu lililooza lote, unalikumbuka. Anatoka vizuri kila siku, hajawahi kuniangusha."

"Atakuangushaje? Fangasi wamejazana kama watu kwenye geti la uwanja wa mpira. Huyu ukimwagia hata hii chai yangu ataonekana."

Chapchap akainama kwenye lenzi na yeye, akaona weusi mtupu.

"Shahidi gani huyu, ni mpayukaji! Unamuuliza kidogo, anakujibu mtaa mzima unasikia. Mimi nilitaka shahidi anayenong'ona. Yule akisikika, ndipo najua masikio yetu mazima." Daktari akavua miwani, akajikanda macho. "Huyu umemtumia tangu lini?"

"Tangu nianze na maikrowevu."

"Vioo vyote?"

"Vyote."

 Hapo ndipo Chapchap akaanza kuiona kasoro, polepole, kama picha inayojitokeza kwenye dawa. Alikuwa amepika njia mpya na siku hiyo hiyo akabadilisha kipimo cha kuipimia. Kila alipojiuliza "inafanya kazi?" alimuuliza shahidi ambaye angesema ndiyo hata kwa dawa mbovu. Na yeye akashangilia. Watu wote wakashangilia.

Daktari akavuta droo, akapekua, akatoa kibonge cha nta cha zamani kilichogeuka njano.

"Hawa ndio ndugu wa popo. Wachache, wadogo, wana aibu. Mpime huyu kwa njia yako uone."

Akampima. Mikono ilijua kazi yenyewe, maikrowevu ikalia, kengele ikagonga, akasafisha, akatia rangi ya kijani ya nyuma ili weusi uonekane, akaweka chini ya darubini. Kijani kitupu. Safi, inang'aa, hakuna doa. Kilikuwa kioo kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza na hakikuwa na kitu hata kimoja, na alijua kabisa kwamba wamo.

Akakaa kwenye stuli.  Baadaye akasimama, maana kukaa hakumsaidii mtu, akabandika beseni la maji ya moto.

*

Kwanza kukata. Akakifunga kibonge cha Baba mdogo kwenye mashine, akakipoza kwa barafu, akazungusha gurudumu kwa ncha za vidole. Kisu kikapita, ukatoka utando wa kwanza, nta tupu. Wa pili una nyama, ukajikunja kama unywele ulioungua, ukaharibika. Akatukana kimoyomoyo. Wa tatu akaupulizia pumzi kidogo, mtindo ambao hakuna kitabu kinaufundisha, ukanyooka, akaudaka kwa brashi ndogo akauelekeza kwenye maji. Ulichanika pembeni. Akauacha hivyo hivyo, akaubandika kwenye kioo. Akajaribu mwingine tena, kisu kikapita, kikatoka kitu cheupe. Nta. Nyama imekwisha. Kipande kimoja, kimechanika, basi.

Akamweka pembeni yake yule shahidi mwenye aibu aliyetoka kwenye droo ya Daktari. Mpayukaji alimwacha kabatini.

Halafu asidi. Safari hii aliipa muda wake wote, na alipokuwa amesimama pale anangoja ndipo alipokumbuka kile alichokisoma zamani na kukiruka. Asidi haipo pale kama salamu. Asidi ndiyo inayofungua ngozi ya fangasi ili silva ipate pa kushika. Yule mpayukaji ana ngozi nene, anafunguka upesi. Hawa wadogo wanataka kubembelezwa. Yeye alikuwa anapiga hodi mara moja na kuondoka, anaandika: hakuna mtu nyumbani.

Akaosha kwa maji safi, akaosha tena. Alitaka kuchukua kibano cha chuma kwa sababu kilikuwa karibu, mkono ukasimama wenyewe hewani, akaenda kutafuta cha plastiki. Akazamisha vioo kwenye silva, akavitumbukiza na chupa yake kwenye beseni. Akainama.

Wenzake, waliokuwa wamerudi kitambo kutoka kula, wakapita wakamkuta bado amekodolea macho beseni.

"Chapchap leo umekuwa Polepole?" mmoja akatania.

Yeye akazidi kuinama. Waliangaliana, wakaenda meza zao.

Nyama ikaanza kugeuka. Njano. Njano ya chai iliyochujwa. Akakitoa kioo cha shahidi, akakichungulia chini ya darubini kikiwa bado na maji: bado. Akarudisha. Rangi ikakolea ikawa ya jani kavu. Akachungulia tena. Kama mtu anavyoona nyota ya kwanza jioni na kudhani macho yanamdanganya, akaona kiduara. Halafu kingine. Shahidi alikuwa amenong'ona.

Akavitoa vyote viwili upesi. Akatia maji ya dhahabu ya kukolezea weusi, akatia dawa ya kuifunga rangi isiendelee, akaosha, akatia kijani. Kioo cha Baba mdogo alikifuta chini kwa kitambaa na kukipeleka kwa Daktari bila kukiangalia, pamoja na vile viwili vya shahidi mwenye aibu, cha maikrowevu na cha beseni. Hakuthubutu.

*

Daktari akainama kwenye darubini. Akakaa hivyo. Mkono wake ukawa unazungusha kile kitufe cha pembeni cha kusogeza lenzi, mbele kidogo, nyuma kidogo. Chapchap alijua anachotafuta. Masizi ya silva yanakaa juu ya nyama kama vumbi juu ya kabati; ukizungusha, nyama inapotea vumbi ndiyo linaonekana. Fangasi wao wamo ndani humo humo. Nyama ikionekana wanaonekana, ikipotea wanapotea nayo.

"Wamo ndani," Daktari akasema.

"Wamo?"

"Angalia."

Chapchap akaangalia. Kwenye kona, karibu na pale palipochanika, viduara vyeusi vidogo, vimejibana pamoja ndani ya seli moja iliyovimba. Kimoja kilikuwa na kinundu pembeni, kama mtoto aliyebebwa. Kinazaa. Kwa muda wote ule ambao Baba mdogo alikuwa anameza dawa ya kumlaza mlinzi, hivi vilikuwa vinazaliana.

"Nipige simu wodini?" akauliza, na mkono ulishafika kwenye simu.

"Kaa kwanza."

"Daktari, wanampa ile dawa jioni tena."

"Nimesema kaa." Daktari akaivuta simu upande wake, si kwa ukali. "Tutawaambia inawezekana. Wasimamishe kidogo dawa, wachukue kinyama kingine, sisi tukipime vizuri tangu mwanzo."

"Kinyama kingine? Yule hana pumzi ya kuchomwa mara ya pili! Hata kukaa anashikiliwa!"

"Na dawa ya fangasi hawa unaijua? Unajua inavyotafuna figo? Mzee wako figo zake tayari zinachechemea, nimeona majibu. Nikisema ndiyo, na ikawa siyo, nimemuua mimi."

"Na ukisema labda?"

 Daktari akazungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Mimi ndiye niliyesema hakuna," akasema. "Jina langu. Leo niseme wapo, kwa vidoti hivi, kwenye kipande cha mwisho kilichochanika? Kesho nikiwapa jibu lolote wataniuliza, Daktari, hili ndilo lenyewe au tungoje lingine?"

"Na wageni wanakuja."

"Ndiyo, na wageni wanakuja. Nikufiche nini? Nimewaita mimi. Waje, waondoke, halafu tunakaa mimi na wewe tunaitengeneza njia yako. Unarudisha muda wa asidi, unabadilisha shahidi, maikrowevu inabaki. Haijafa hiyo njia, ina kasoro. Wewe una akili, kijana wangu. Usijimalize kwa haraka kama ulivyofanya kila kitu."

Kilichomtesa Chapchap ni kwamba maneno yalikuwa na maana. Figo ni kweli. Kipande kimechanika, ni kweli. Na ndani kwake kulikuwa na mtu mwingine, yule mwenye kichwa kilichovimba, ambaye alitaka sana kushawishiwa. Alimwona huyo mtu amesimama mbele ya wageni na koti jeupe lililopigwa pasi, anabonyeza maikrowevu, wanapiga makofi. Siku chache tu. Labda Baba mdogo angezimaliza hizo siku. Labda.

Akalisikia hilo neno kichwani mwake na likamkaa vibaya.

"Labda haitundikwi kwenye dripu, Daktari," akasema.

"Umesemaje?"

"Nitampelekea daktari wa wodi hivi vioo. Wana darubini ile ya wanafunzi. Nitamwonyesha mwenyewe. Nitampelekea na vioo vyote viwili vya shahidi mwenye aibu, cha njia yangu na cha njia ya zamani, aone tofauti, na nitamwambia nilichofanya."

"Utamwambia ulikosea."

"Nitamwambia nilikosea."

"Na vile vingine?" Daktari akasimama, na kwa mara ya kwanza sauti ikapanda. "Vile vinyama vyote ulivyopima kwa njia hiyo tukasema hakuna, umevifikiria? Ukifungua mdomo kule leo, kesho kila ndugu wa kila mgonjwa yuko mlangoni hapa! Wapo waliokwisha kwenda nyumbani! Wapo walio..." Akakatiza.

Hakuwa amevifikiria.  Akawaona hao watu bila sura, namba tupu, wamepanga foleni ndefu inayotoka nje ya jengo.  Lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa kule juu dirishani, bado anavuta pumzi kwa zamu.

Akakifungua kishikio cha darubini. Akakitoa kioo. Akakifunga kwenye karatasi laini pamoja na kile cha shahidi mwenye aibu na kile kingine cha shahidi huyo huyo, cha kijani kitupu, akavitia mfuko wa shati.

"Ukitoka na hivyo bila ruhusa yangu," Daktari akasema, "meza yako usiirudie."

"Sawa."

"Unasema sawa! Unadhani dada yako atakupigia makofi? Unadhani mzee atapona kwa sababu umekuwa shujaa? Huenda tumeshachelewa, unanisikia? Huenda tumechelewa na dawa ikammaliza mbele ya macho yako."

"Nakusikia."

"Basi kaa chini tuongee kama watu wazima. We kijana! Naongea na wewe, usinipe mgongo, nimesema..."

Chapchap akaushika mfuko wa shati kwa kiganja vioo visigongane, akatoka, akaufunga mlango.